Kwanza Mama Mwongeli

Jumatatu, 9 Juni 2025
Wewe unayesoma haya, nakusihi, usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Khamala. Kazi yangu imo humu.

Mama Mwongeli, mwenye kibanda cha maji hapa Kawangware ninapofanya ukarani, amesema kufikia Ijumaa atabaki na mmoja wetu. Mimi, au Khamala anayezunguka ploti za wapangaji akipiga filimbi mfereji ukianza kutoa maji. Wawili ni wengi, alisema.

Lakini nina mpango. Nimepata maktaba ndogo ya JavaScript, yaani msimbo wa kompyuta ulioandikwa tayari. Unasajili wasikilizaji, unarusha tukio, "maji yamekuja", kila msikilizaji anaarifiwa. Nawe unapewa ahadi: wote wakimaliza, utajulishwa. Wasikilizaji wangu ni ploti. Msimamizi wa kila ploti atapata ujumbe kwenye simu, na watu wake wakishachota atajibu "sawa". Filimbi haiwezi hilo.

Jumanne, 10 Juni
Maji yalikuja asubuhi. Nikarusha kwa amri ya emit. Balaa. Kumbe emit huwaita wote kwa pamoja. Ploti zote zikashuka na mitungi, na mfereji ni mmoja. Nasike, mama anayefulia watu nguo, alisukumwa akakalia beseni lake mwenyewe. Akaniuliza kama chuoni nilisomea kuita watu au kuwapiganisha.

Nikajifungia ofisini, nikasoma maelezo upya. Ipo emitSerial. Humwita wa kwanza, hungoja amalize, ndipo humwita wa pili. Foleni safi. Sasa nani atangulie? Sikuwaza sana. Mtu hapakui chakula kabla ya mwenye nyumba. Nimeisajili simu ya Mama Mwongeli juu ya zote.

Alhamisi, 12 Juni
Maji yamekuja kwa nguvu. Nikarusha. Ujumbe ukaenda kwa Mama Mwongeli. Kimya. Yuko mazishini Kitui, simu imezimwa. Ahadi haikutimia wala haikuvunjika. Ilining'inia tu.

Watu wakajipanga wenyewe. Ufunguo wa mfereji ninao mimi. Nikawaambia zamu yao haijafika. Khamala akaja dirishani, akauliza, "Karani, hiyo ahadi inajaza mtungi?" Akanishauri nimruke Mama Mwongeli.

Naweza. Ni mstari mmoja tu: asiyejibu kwa muda fulani, apitwe. Lakini nani atamwambia Mama Mwongeli kwamba alipitwa, tena kwenye kibanda chake? Vidole viligoma. Sikuandika.

Adhuhuri mfereji ukakohoa, ukakauka. Nasike akasema nguo za wateja basi atazifua kwa JavaScript. Nilijificha chini ya meza hadi walipotawanyika.

Ijumaa, 13 Juni
Mama Mwongeli amerudi. Akataka kujua kwa nini ploti nzima nzima zimekaa bila maji. Nikamjibu kwa adabu kwamba tulikuwa tukimngoja yeye.

Akanikatiza: "Mbithi, mimi nina tangi kwangu. Ni lini umeniona hapa na mtungi?"

Khamala amebaki. Mimi napelekwa kibanda kipya cha Mama Mwongeli kilicho Lindi, kule Kibera, nijaribiwe hadi mwisho wa mwezi. Nikiharibu huko, basi.

Jumapili, 15 Juni
Nimetafakari kwa makini baada ya ibada. Kosa nimeliona. Heshima ilikuwa haba. Kumngoja mtu mmoja peke yake kulionekana kama kumtega. Kule Lindi, emitSerial itaanza na Mama Mwongeli, kisha mumewe, kisha pasta wao, kisha mama mkwe wake aliye Machakos, ndipo ploti. Kikomo cha muda siweki. Safari hii hakuna atakayenilaumu.

Ukinihitaji, njoo Lindi, kibanda chenye mlango wa bati la bluu nyuma ya kinyozi. Usipige simu, nambari ngeni hunitisha. Gonga polepole, utaje jina lako na aliyekutuma. Nitampigia pasta kwanza aniruhusu kukufungulia. Asipopokea, usiondoke.