Shevrole ya Wakwe

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Injini imefika! Imetoka Iringa juu ya lori la mbao, imefungwa kamba kama mbuzi wa mahari. Fundi Didas wa Kihesa aliitoa kwenye lori jipya lililopinduka Igowole. Pamoja nayo kanipa giaboksi, na ekseli ya nyuma na difu yake, lile boga la meno linalozungusha magurudumu. Nimempa magunia ya viazi na saa yangu ya mkononi. Saa ya nini kwa mtu mwenye injini kama hii!

Vyote vinaingia kwenye Shevrole yangu ya mwaka 1934, aliyoiacha mzungu mchimba dhahabu wa Chunya, kuku wakiwa wameshahamia ndani. Didas ameambatanisha barua: nisisahau kwamba difu ina juu yake na chini yake. Kapoteza karatasi bure. Mimi nilianza kufungua magari yeye akiwa bado anachunga ng'ombe.

Haraka ya nini? Jumamosi dada yangu Atuganile anaolewa kwetu Kiwira. Baba, mzee Sedekia, yuko kwangu hapa Mbeya tangu Juni kwa sababu ya goti lake. Na kiwanja hiki chenye gereji yangu ni chake. Kaka yangu Asukile anakitaka ajenge hoteli ya chai. Baba ametamka: atakayemfikisha harusini na heshima yake yote, huyo ndiye mwenye kiwanja. Nikishindwa, mimi na spana zangu tutalala barabarani.

Jumanne, 6 Agosti

Asukile amekodi teksi. Mpya, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha karani. Amepita nayo mara tatu mbele ya gereji akipunga mkono. Mara ya nne nilikuwa chini ya Shevrole. Sikujificha. Nilikuwa na kazi huko.

Lakini Asukile amesahau kitu. Mkewe! Kwetu Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe. Hapa nyumbani mke wangu Ikupa akisikia fimbo ya baba inagonga, hutorokea dirishani. Mwaka wa nane huu baba hajasikia hata sauti yake. Sasa Tusajigwe wa Asukile atakaa wapi ndani ya teksi? Kwenye buti? Mimi nimeshatundika turubai katikati ya Shevrole, kutoka paa hadi sakafu. Baba mbele pamoja nami, Ikupa nyuma na masufuria. Heshima tupu!

Alhamisi, 8 Agosti

Injini imekaa. Nimekata chasisi kidogo, nimekata boneti kidogo, nimekata kidole kidogo. Ekseli ilikataa springi za zamani. Nikaigeuza juu chini, ikaingia yenyewe. Akili ni mali.

Jioni nimewasha. Ngurumo! Mama Paskalina wa jirani amepiga magoti. Baba ametoka na fimbo kuuliza kama vita vimerudi. Nimemjibu kwamba hayo ni maendeleo.

Ijumaa, 9 Agosti

Majaribio. Gia ya kwanza: gari likarudi nyuma, likaingia migombani. Gia ya pili: likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Ya tatu na ya nne sitaki kuziandika. Gia ya kurudi nyuma ndiyo inayokwenda mbele, tena kwa mwendo wa bibi harusi. Nimeingia chini na taa kutazama. Kumbe difu kweli ina juu yake na chini yake: ukiipindua, magurudumu yanazunguka kinyume.

Kuifungua upya ni kazi ya siku mbili. Harusi ni kesho saa nne. Kwa gia moja ya kwenda mbele tutafika Kiwira mjukuu wa Atuganile akibatizwa. Basi tutakwenda kinyumenyume, maili thelathini na mbili. Ila turubai! Sioni nyuma. Nikiliondoa, baba na mkwe watatazamana. Ikupa akiniongoza kwa mdomo, baba atasikia sauti. Nikaona kiwanja kinaondoka, na kwa kweli nililia.

Ikupa akaninong'oneza kwamba tufunge kamba kwenye mikono yangu miwili, zipite chini ya turubai. Yeye atatazama njia. Kamba atakayovuta, niende upande huo. Akivuta zote mbili, nisimame. Nimemwambia hilo nilikuwa nalifikiria mimi.

Jumamosi, 10 Agosti

USHINDI! Asubuhi Asukile kaja na teksi. Baba kainama kuchungulia, kaona kanga ya Tusajigwe kiti cha nyuma, karudi ndani amejiziba uso. Asukile kamwomba mkewe ashuke. Tusajigwe kasema harusi ya wifi yake haikosi, ashuke Asukile; akashuka kumbembeleza baba, teksi ikamwacha.

Sisi tukaondoka, mkia mbele. Uyole watu waliacha viazi vyao wakaja kutazama. Mlima wa Isyonje injini haikuhema hata mara moja! Tulilipita basi zima, dereva wake akavua kofia. Ikupa akavuta zote mbili, nikasimama, ng'ombe kumi na wawili wakapita. Kona moja nilijifanya najua kuliko kamba. Tukatembelea shamba la watu. Alinivuta hadi bega likalia.

Baba alikuwa ametulia, anaitazama njia ikiondoka. Amesema magari mengine humwonyesha mzee mambo yasiyomhusu, hili linamwonyesha alikotoka. Aliwapungia wote tuliokwisha kuwapita, nao wakaitikia ndaga, ndaga, asante ya kwetu.

Saa tatu na nusu tumeingia uani. Mkia ulitangulia, ukasimama penye jiko. Ikupa akaruka na masufuria, akatoweka. Baba akashuka huku mbele kama chifu. Heshima haikudondoka hata punje! Teksi ilifika na Tusajigwe peke yake. Asukile alifika saa saba, kwa baiskeli.

Baada ya chakula baba alisimama. Akasema kiwanja ni cha aliyemfikisha. Nikafunga kifungo cha koti, nikainuka. Akaniambia niketi. Akasema kibovu ni goti, macho ni mazima, na njia nzima aliziona kamba mikononi mwangu. Punda akifika sokoni, akasema, anayeshukuriwa ni mwenye kushika kamba. Kiwanja ni cha mkwe wake. Vigelegele vikalipuka jikoni. Baba hakugeuka kutazama huko, na Ikupa hakutoka.

Jumamosi, 17 Agosti

Ushindi mtupu. Kiwanja ni cha mke wangu, yaani ni changu. Nimemweleza Ikupa hivyo. Amejibu kwamba nusu atapanda vitunguu, na nusu nitakaa mimi kwa sharti kwamba difu niigeuze inavyotakiwa. Kugeuza difu! Difu iliyomtoa baba machozi ya furaha! Ufundi hauelezeki kwa kila mtu.

Nimetundika kibao: YOTAMU, FUNDI WA MAGARI YA WAKWE. Jumatatu nilipata mteja wa kwanza. Padri Liberatus kaleta gari lake nilitie injini ya kisasa. Nimemaliza leo kabla ya jua kutua, na difu nimeigeuza juu chini, bure, kama zawadi. Padri hana mke wala mkwe, lakini gari zuri ni gari zuri. Kesho alfajiri analichukua kwenda Chunya, mlima wote ule na misa inamngoja. Sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.