Mkwe Wangu Amenikimbia Sokoni Mbalizi

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya wauza ndizi.

Nimetoka Iringa juu ya lori la mbao zangu, kwenda kumwona mkwe wangu, mke wa mwanangu Yohana. Mnyakyusa. Harusini sikwenda, nilikuwa mgonjwa. Nilimjua kwa picha tu. Yohana aliwahi kuniambia, "Baba, wenzetu wana miiko yao juu ya wakwe." Nikamkata kauli: "Miiko gani? Mkwe ni mkwe!" Kwetu Kalenga mkwe hukupigia magoti, hukunawisha, hukuwekea paja la kuku. (Shule niliishia darasa la pili, lakini habari ya paja naijua.)

Lori likasimama Mbalizi, wanakoishi. Nikamwona! Yule yule wa pichani, kikapu cha ndizi kichwani. Nikapaza sauti: "Mkwe! Ni mimi, baba yake Yohana!"

Akanitazama mara moja. Akajifunika kanga usoni, akatupa kikapu, mbio!

Anikimbie mimi? Mimi ambaye Bwana Shauri mwenyewe, mkubwa wa wilaya, hunipungia mkono? Dharau! Nikakunja suruali, nikamfuata. "Mkwe, simama!" Yeye huyo nyuma ya vibanda vya nyama, mimi huyo. Yeye akapita katikati ya vyungu kama paka. Mimi nikapita kama ng'ombe. Wajinga fulani wakaanza kupiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" na wala hawajui mwizi ni nani kati yetu.

Mama muuza vyungu akanidaka koti. "Wewe mzee, una wazimu? Huyo ni mtoto wa kaka yangu! Wewe nani?"

"Baba mkwe wake!" nikajibu, kifua mbele.

Soko likaangua kicheko.

"Baba mkwe, halafu unamkimbiza?" mama akasema. "Kwetu mkwe na baba mkwe hawatazamani, hata njiani hawapishani. Akikuona, yeye ndiye aliyekosa. Sasa wewe umemkosesha mbele ya soko zima! Ukimsogelea tena, leo leo anarudi kwa baba yake, na mwanao atajipikia."

Hapo nikanywea. Yohana hata maji humuungulia.

"Basi nifanye nini, dada?"

"Geukia ukuta. Apite."

Wenzangu! Mimi, mwenye mbao zangu na lori, nimesimama uso ukutani kama mtoto aliyeshindwa hesabu, na wauza ndizi nyuma yangu wananiita tata, yaani baba: "Bado, tata! Bado anapita! Usigeuke!" (Alikwisha kupita zamani. Watu wabaya wale.)

Jioni Yohana akaniletea chakula kwa jirani, maana kwake siingii. Mkwe hakuondoka, ashukuriwe Mungu. "Baba, anakusalimu sana," Yohana akasema, "na anauliza kesho utaondoka saa ngapi, anataka kwenda kisimani."

Haya, chekeni. Ninyi wakwe zenu hawawakimbii kwa sababu hawawaheshimu.