Ukabila wa Sifongo

Jumatatu, 30 Novemba 1964
Choa cha miguu kimepona. Kilinitafuna enzi zote za mkoloni, leo hakipo. Dawa: sifongo ya baharini iliyokauka, nimeisaga na kuichanganya na siagi. Aliniletea shemeji Barnaba, anayefanya kazi Shimoni, kule pwani. Mpango umezaliwa papo hapo. Mzee Shitanda, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, anachechemea kwa choa. Yeye ndiye atakayechagua msemaji wa Siku ya Jamhuri hapa Kakamega. Nikimponya, hotuba ni yangu. Karani Protus, anayehutubia kama anayesoma bei ya mbolea, atabaki kupiga makofi.

Jumanne, 1 Desemba
Barnaba kanipa sifongo nyingine mbili, aina ileile. Lakini maneno mengi. Eti ile iliyoniponya ilitoka kwenye kina kirefu, moja ya hizi imetoka maji mafupi, nyingine karibu na mikoko. Eti kila mahali huipa dawa yake, na kuna inayoponya na inayochoma. "Shemeji, jaribu kidole kimoja kwanza." Nikamwambia huo ni ukabila wa sifongo. Mkoloni alitugawa kwa mito na vilima, na sasa yeye anamgawa mnyama asiye hata na kichwa.

Mke wangu Nekoye akadakia. Hata mukombero tunaoutafuna, alisema, wa upande huu wa msitu unawasha ulimi, wa upande ule ni kama kutafuna kamba, na mzizi ni uleule. Nikamwomba asiingize mizizi kwenye siasa.

Alhamisi, 3 Desemba
Nimesaga moja ya zile sifongo mbili, nikampaka Shitanda kwa mikono yangu, miguu yote miwili. Sikubania.

Ijumaa, 4 Desemba
Miguu ya Shitanda imevimba kama mihogo. Ameiambia kamati kwamba mtu aliyemchoma nyayo hawezi kukabidhiwa masikio ya wananchi. Protus ndiye atakayehutubia. Alipita kwangu makusudi, akauliza kama ninayo na dawa ya kichwa. Nekoye alicheka jikoni. Nilimsikia.

Jumapili, 6 Desemba
Nimeelewa. Sifongo ni moja na inachoma. Basi imchome Protus. Kanisani kwetu viatu huachwa mlangoni. Wenzangu walipofumba macho kuomba, nilitoka nikamwaga unga wa sifongo iliyobaki ndani ya viatu vyake. Hana jozi nyingine. Jumamosi, siku ya sherehe, hatasimama, na kamati itatafuta mtu mwenye hotuba tayari. Yangu iko mfukoni, inamshambulia kila mtu anayestahili.

Jumamosi, 12 Desemba
Protus amesimama. Amehutubia hadi jua likawa kali, akacheza isukuti na akina mama, akirusha miguu juu. Kisha akanivuta kando. "Ndugu Lazarus, nikwambie siri." Miaka yote alikuwa na choa, akakificha ndani ya soksi. Wiki hii kimeisha chenyewe. Anaamini ni maombi ya Jumapili. Nilimpa mkono.

Jumapili, 13 Desemba
Nimelitafakari jambo hili bila hasira. Sifongo ni moja na inaponya: imeniponya mimi, imemponya Protus. Kasoro iko kwenye miguu ya Shitanda. Barnaba anarudi pwani kesho. Nimemwagiza gunia zima, aokote kila mahali, achanganye, asibague. Alitaka kusema kitu, nikamzuia. Chifu mpya ana upara unaowasha, na mwakani atapendekeza jina la diwani. Nitampaka mwenyewe.