Vigingi Arobaini vya Bwana Katibu

Ilitangazwa rasmi, kwa wino wa bluu na mihuri miwili, kwamba kuanzia Machi 1986 wananchi wote wa kijiji chetu cha Bweranyange wameingia katika ushirikiano wa kitaaluma. Wengi walikuwa shambani wakipalilia, kwa hiyo waliingia bila kujua.

Aliyebandika tangazo alikuwa Cassian Byabato, Katibu wa Kamati ya Kuratibu Matokeo ya Utafiti. Kamati ilikuwa na wajumbe saba. Sita hawakuwa wameambiwa. Na kazi ilikuwa nzito, jamani! Daktari Anatory, mwanajiografia wa chuo kikuu, alitaka kujua mvua inachukua udongo kiasi gani mteremkoni. Alileta vigingi arobaini vya chuma vipigiliwe ardhini, na kila mwezi mtu apime udongo umeshuka kiasi gani. Cassian alishikilia kwamba utafiti ufanyike kwenye kibanja chake mwenyewe, shamba lake la migomba, jina lake liingie kwenye ripoti. Daktari akachora mstari wa chokaa nyuma tu ya nyumba ya Katibu, akaondoka.

Sasa, mwaka ule chuma kilikuwa hakionekani madukani. Ukichomeke kwenye udongo kinyeshewe? Katibu alitafakari dakika nzima, kisha vigingi vyote vikajenga banda la nguruwe wake, chini ya mstari, karibu na choo. Kwenye faili aliandika "matumizi ya maandalizi".

Ila mstari ulihitaji vigingi. Kule chini Katibu alipakana na mjane, Eustadia, na mpaka wao ulikuwa safu ya omuramura, mti ambao huku hata mtoto anaujua: ukipandwa ukashika, hapo ndipo mpaka ulipo, na hakuna wa kubisha. Katibu aling'oa safu nzima, akakata vijiti arobaini, akavichomeka kwenye chokaa. Vigingi akapata, mpaka ukatoweka, na migomba sitini ya mjane ikawa, kwa mujibu wa faili, "mimea isiyo na mwenyewe". Wiki hiyohiyo Katibu alianza kukata ndizi.

Eustadia alikuja ofisini. Huyu mama alikuwa amembeba Cassian mgongoni alipokuwa mchanga.

"Cassian mwanangu, mpaka wangu umeupeleka wapi?"

"Hapa mimi ni Bwana Katibu, mama. Huo mpaka uko kwenye karatasi gani?"

"Karatasi ya nini? Aliupanda baba mkwe wangu! Wajukuu wangu watakula nini?"

"Andika barua. Nakala tatu."

"Unajua kabisa sijui kuandika."

"Ndiyo maana hatuendelei," alisema Katibu kwa huzuni ya kiofisi. Eustadia alitoka akifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Kila mwezi Katibu alijaza vipimo bila kuinuka kitini. Udongo uliopotea: sifuri. Miaka miwili, sifuri tupu. Daktari alishangaa, akawaandikia wenzake wa ng'ambo, nao wakashangaa zaidi. Wasomi wa nchi tatu wakawa wanabishana juu ya udongo wa ajabu usiohama. Ikachapishwa ramani, na chini yake maneno: "Mstari huu umepandwa na C. Byabato kwa mkono wake." Katibu aliitundika ukutani, juu kidogo ya kiti chake.

Mwaka 1988 Daktari akaja na wageni wawili kuushuhudia udongo huo. Katibu aliwaita wazee wa baraza la kata, wakiongozwa na mzee Kahigi, waje kupiga makofi. Vile vijiti vilikuwa vimeshika vikawa miti inayompita mtu kimo.

"Vigingi vyangu viko wapi?" Daktari aliuliza.

"Ndivyo hivi, Daktari. Utafiti umestawi!"

"Mimi nilileta chuma."

Bandani nguruwe akakoroma.

"Daktari, usihangaike," Eustadia akasema kutoka nyuma ya wazee. "Hivyo si vigingi, ni mpaka wetu. Cassian aliuhamishia hapa mwenyewe, na karatasi yenu, nilivyosomewa, imesema."

Kahigi alivaa miwani, akaisoma polepole ramani aliyokuja nayo Daktari. "Kweli. Jina lake hili hapa."

"Mpaka gani!" Katibu akaruka. "Hivi ni vya utafiti!"

"Sawa, mwanangu," Kahigi akasema kwa upole. "Basi tuoneshe vile vya chuma, mali ya serikali."

Katibu alitazama banda. Akatazama kalamu ya Daktari. Akalikumbuka gereza la Bukoba.

"Ni mpaka," akasema. "Niliupanda mimi."

Wazee wakapiga makofi, maana ndicho walichoitiwa. Kahigi akatamka kwamba kila kilicho chini ya omuramura ni cha Eustadia: migomba yote, ya mjane na ya Katibu, banda pamoja na nguruwe wake, na choo. Daktari alifungua daftari lake, ukurasa wa "Faida za Utafiti kwa Jamii", ambao ulikuwa mweupe miaka yote miwili, akaandika: mjane mmoja.

Asubuhi iliyofuata Katibu alisimama kwenye omuramura, magoti yamebanana, kipande cha gazeti mkononi.

"Shikamoo, mama! Hodi! Naomba kupita, upesi!"

"Marahaba, mwanangu," Eustadia akaitika, bila kuinua kichwa kwenye palizi. "Andika barua. Nakala tatu."