Mtu wa Nta na Jumamosi Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Balaa limenifuata hadi dukani. Nilikuwa nimemlaza mteja juu ya godoro, namweleza habari za uti wa mgongo, akaingia Mama Msimamizi wa ukumbi wa mtaa. Yeye hakulala. Alisema Jumamosi hii ndiyo ya mwisho ya kunivumilia. Watu wakiicheka tena filamu yangu ya kutisha, kama walivyoicheka ya mwezi uliopita, basi Jumamosi alasiri atapewa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na projekta itauzwa chuma chakavu.

Chuma chakavu! Ndiyo mashine pekee mjini inayoweza kuonyesha mikanda ya zamani. Ikiondoka, filamu zangu zote zitabaki kuwa makopo tu.

Mwalimu mwenyewe tunamwita Springi, maana hajawahi kuonekana na visigino vyote viwili chini. Amemwambia Mama Msimamizi kwamba mazimwi yangu ya kijivu yamepitwa na wakati, na kwamba mzee kama mimi ningefaidika zaidi nikiruka kamba. Mzee! Hili tumbo ni la kazi. Muuza magodoro akiwa mwembamba, wateja wanaona halali vizuri.

Nimeapa. Jumamosi hawatacheka. Watapiga ukelele. Hata mmoja tu utanitosha.

Jumanne, 4 Juni

Nimechagua filamu: Mtu wa Nta. Mikanda mitatu, kila mmoja na kopo lake.

Niandike hapa, maana nyumbani hawanisikilizi tena: hakuna kitu kitamu kama filamu ya kutisha ya zamani. Siku hizi damu inamwagwa kwa ndoo, nawe unaendelea kutafuna bisi. Wale wa zamani hawakuwa na ndoo. Walikuwa na taa moja, ukuta mmoja, na subira. Kivuli cha mkono kinatangulia kupanda ngazi. Mkono wenyewe unakuja baadaye, bila haraka, kama mgeni anayejua chakula kipo. Shangazi ndiye aliyenipeleka kuona ya kwanza. Alinifunika macho kwa kiganja, lakini vidole akaviachanisha. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko zile nafasi kati ya vidole.

Na huyu mwigizaji wa Mtu wa Nta! Uso umepakwa nta nzito, hawezi hata kukunja paji la uso. Basi anaigiza kwa mabega. Mabega matupu! Mimi na uso wangu wote siwezi kumshawishi mke wangu kwamba nilisahau kupitia sokoni.

Mpango wa kwanza: ukungu. Filamu ina ukungu, ukumbi nao uwe nao. Jioni nimechemsha sufuria kubwa sebuleni kwa jiko la umeme, madirisha yamefungwa, makopo ya filamu nimeyapanga pembeni nione yatakavyopendeza. Ukungu ulipanda wa kutosha kupotelea. Mke wangu akaingia akipapasa, akauliza, baba watoto, unapika nini juu ya zulia? Mama mkwe, tunayeishi naye, alisema goti lake halijawahi kujisikia vizuri namna hii, akaomba niongeze maji.

Hasara ndogo: mvuke umebandua lebo za makopo. Nimezibandika upya kwa kumbukumbu. Nina kumbukumbu nzuri sana.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili: mpiga ukelele wa siri. Akianza mmoja, wengine watafuata. Nilimwendea jirani yetu dalali wa mnada, mwenye koo la kuamsha mtaa. Amekataa. Anasema sauti yake ni riziki, haitoi bure.

Mama mkwe akajitolea. Nikashukuru kwa mdomo. Ukweli ni kwamba kicheko cha mwezi uliopita kilianza na yeye. Mnyonya damu alipojikwaa kwenye joho lake, mama alicheka hadi akaegemea watu wasiomjua, nao wakaambukizwa.

Tukafanya mazoezi jikoni. Nilimwonyesha: mkono kifuani, pumzi ndani, macho nje. Akajaribu, akaniangalia usoni, akacheka. Nikamwomba afikirie kitu kibaya. Akafumba macho, akacheka zaidi. Alipoulizwa amefikiria nini, akasema siku nilipokuja kuposa.

Mwishowe nikapiga ukelele mwenyewe, wa mfano. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Springi! Alikuwa akipita, akadhani mwanamke anauawa. Aliruka meza ya jikoni bila kuigusa. Nilimweleza ni sauti yangu. Amenishauri nikamwone daktari wa koo.

Mama mkwe ameahidi kukaa mbele kabisa Jumamosi, kunitia moyo. Nimekosa usingizi, mimi niliye na godoro la bei kuliko yote dukani.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa tatu, na huu hauna kasoro: mkono. Nimeukata kutoka kwenye sponji iliyobaki dukani, nikaupaka rangi ya kijivu na kuupa kucha. Mtu wa Nta atakaponyoosha mkono kwenye pazia la filamu, mkono wangu utashuka kutoka darini kwa kamba, taratibu, hadi kwenye shingo za watu.

Nimeshinda ukumbini jioni nzima juu ya ngazi. Mama Msimamizi aliuliza kama sipaswi kukagua mikanda kwanza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama, makopo yana lebo. Mkono ndio wenye kuhitaji uangalizi. Kidole gumba kinaning'inia.

Jumamosi, 8 Juni

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio, ingawa mpangilio ndio uliokosekana.

Ukumbi ulijaa nusu. Mama mkwe mbele, na mto wake. Springi mlangoni, akichuchumaa na kuinuka, akipima kwa macho atakapotandaza mikeka yake.

Ukungu: hakuna. Ukumbi una tundu moja tu la umeme linalofanya kazi. Ama sufuria ama projekta. Nilisita kuliko inavyopasa.

Mkono: ulishuka kabla taa hazijazimwa. Haukushuka taratibu. Ulimkuta Springi, aliyekuwa amesogea kuhesabu viti. Akaupiga ngumi, akaugaragaza, akaukalia. Watu wakacheka hadi machozi. Mama Msimamizi akaandika kitu kwenye kiganja chake. Nikaona projekta yangu ikienda kwa muuza vyuma.

Nikazima taa, nikawasha mashine. Na pale kwenye pazia, badala ya mwanzo, nikaona nyumba inaungua.

Ulikuwa mkanda wa mwisho!

Nilinyoosha mkono nizime. Mama Msimamizi akaushika. Aliniambia kwa mnong'ono nitulie, watu wameshanyamaza.

Kweli walikuwa wamenyamaza. Walimwona Mtu wa Nta, wasiyemjua bado, akiingia motoni kumtoa bwana mmoja mzee. Walimwona akimlaza nje kwenye majani, kisha akisimama pale huku uso wake unashuka, unashuka, hadi yanabaki mabega. Halafu hata mabega hayapo. Nikabadilisha mkanda, nikijua sasa ninachobadilisha. Wa pili: watu wa mji wanamrushia mawe. Mwezi uliopita watu wangecheka jinsi anavyotembea. Leo mtu nyuma kule aliwaambia watu wa kwenye pazia waache ushenzi.

Kisha wa kwanza, mwisho. Yule bwana mzee, daktari mpweke asiye na wa kuongea naye, anamaliza kumfinyanga. Mtu wa Nta anafumbua macho. Kitu cha kwanza anachokiona duniani ni mshumaa. Anautazama kama rafiki. Ananyanyua kiganja kuuelekea.

Mama mkwe, yule yule, akasema kwa sauti ya kumzuia mtoto: usiguse, mwanangu.

Hakuna aliyecheka. Taa zilipowaka watu walikuwa wanapenga makamasi. Nimeiona filamu hii maisha yangu yote, na kumbe nilikuwa sijaiona. Yule mwigizaji aliyafanya yale kwa mabega, na nta usoni, miaka hiyo yote iliyopita, akitusubiri tufike.

Springi aliuliza itaonyeshwa tena lini. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni jasho.

Mama Msimamizi ametamka mbele ya watu: Jumamosi ni yangu, projekta inabaki. Kwa sharti moja. Filamu tu. Sufuria marufuku, mikono marufuku, kamba marufuku. Akinikuta tena na vitimbi, ukumbi nimeukosa. Aliongeza kwamba filamu inajitosheleza, mzee wangu, iache ifanye kazi yake.

Jumapili, 9 Juni

Amesema kweli kabisa. Filamu inajitosheleza. Wale watu wa zamani waliweka kila kitu mle ndani. Mimi wa kuongeza nini? Nimemwambia mke wangu nimebadilika. Aliniangalia muda mrefu, kisha akaenda kuficha sufuria.

Nina amani.

Ila hakuna aliyepiga ukelele.

Jumatano, 12 Juni

Nimelifikiria lile sharti kwa utulivu. Lilitaja sufuria, mikono na kamba. Jeneza halikutajwa.

Nimepitia kwa fundi seremala. Linafaa kusimama jukwaani Jumamosi, filamu inayofuata ni ya makaburini. Mimi nitakuwa ndani. Fundi aliniuliza la nani. Nikamjibu langu, apime. Alinipima kwa heshima kubwa, akanipa pole, akauliza kama madaktari wamekata tamaa kabisa. Nikamwambia nina mpaka Jumamosi.

Alhamisi, 13 Juni

Jeneza limeletwa asubuhi kwa mkokoteni, kwa kupita barabara kuu. Wasukumaji hawakuijua nyumba, wakauliza njia nzima: wapi kwa muuza magodoro? Mwenye nyumba jeneza lake hili hapa.

Mke wangu alikuwa kazini, mama mkwe kliniki na goti lake. Wasukumaji wakaliacha sebuleni. Nikalijaribu. Gumu! Hakuna anayepaswa kulala hivyo, hata marehemu. Nikaweka godoro jembamba la sponji nzito. Nikajilaza, nikarudisha kifuniko nusu ili nizoee giza. Nawaambia wateja kila siku: ukilala kwenye sponji nzito huna habari.

Sikuwa na habari.

Niliamshwa na kilio. Sebule imejaa. Dalali analia bure. Mke wangu, aliyepelekewa habari kazini, alikuwa bado njiani. Na Mama Msimamizi amesimama karibu na kichwa changu, anatoa wasifu. Niliona si adabu kumkatiza. Alisema mtaa umempoteza mtu msumbufu kuliko wote, lakini hakuna aliyewahi kupenda kitu kama mimi nilivyozipenda filamu zile. Kwamba yeye mwenyewe tangu Jumamosi hajaweza kuwasha mshumaa bila kufikiri. Maneno mazuri! Nikafumba macho niyafaidi.

Kisha akasema kwamba kwa heshima ya marehemu, projekta itakabidhiwa kwa Mwalimu Springi aitunze.

Nikaketi.

Huo ukelele! Ukamilifu! Mkono kifuani, pumzi ndani, macho nje, na kwa watu wote kwa pamoja. Springi aliruka nje kupitia dirishani. Mama mkwe, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, aliniona, akakaa chini mlangoni na kucheka, watu wakimruka. Na aliyepiga kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mama Msimamizi. Alikimbia hadi barabarani akaacha kiatu kimoja.

Kumbe jeneza linafanya kazi!

Mke wangu anasema sasa ukumbi nimeukosa, na anastahili kuaminiwa katika mambo mengine. Kesho asubuhi nitampelekea Mama Msimamizi kiatu chake. Nitamwuliza hapo hapo kama jeneza linapita mlango wa nyuma wa ukumbi, au tulipitishe dirishani.