Hotuba ya Akida Stambuli kuhusu Lugha Kumi na Tisa Zilizo Hai

(Haya ni maneno ya Akida Stambuli bin Rehani, aliyoyasema kiwanjani mbele ya boma la Morogoro, siku ambayo Bwana Shauri, Mdachi mkuu wa wilaya, alitarajiwa kurudi kutoka likizo yake ya Ulaya. Yameandikwa na mimi, karani Lukasi. Akida aliniamuru niandike kila neno, na makofi pia. Nimetii.)

Kwa heshima ya Kaizari, ambaye picha yake mnaiona ukutani na yeye anawaona. Kwa heshima ya bendera yake, na mlingoti wa bendera, na kamba ya mlingoti. Kwa heshima ya kiti cha Bwana Shauri, ambacho ingawa kwa sasa hakina mtu nataka mkisalimie kama chenye mtu. Majumbe wa milimani na majumbe wa bondeni. Padre wa misheni, aliyeomba udhuru. Mwakilishi wa Padre, ambaye naye ameomba udhuru. Wafanyabiashara wetu Bwana Jitu na nduguye Bwana Chandrakant, waliofunga duka kwa hiari yao baada ya kuelezwa na askari. Askari wenyewe, wote wawili. Masheikh, wazee, na akina mama wa Mgeta mlioshuka tangu alfajiri na mikeka mizuri ya kumtandikia Bwana Shauri njia ya kutoka stesheni, jambo ambalo sikuliagiza lakini nalipokea. Na ninyi wengine ambao vyeo vyenu sivikumbuki kwa sababu hamnavyo: assalaam aleykum.

(Watu waliitika, wakakiamkia kiti shikamoo. Mikeka ya akina mama ilikuwa kumi na minane. Niliihesabu kwa kuwa ndiyo kazi yangu.)

Ndugu zangu, gari la moshi linaingia saa tisa. Kabla halijaingia nataka niwaeleze, kwa ufupi ambao utachukua muda, kazi kubwa mliyoifanya katika miezi hii kumi na minne ambayo Bwana Shauri amekuwa Ulaya, maana nimegundua kwamba wengi wenu mmeifanya bila kuijua. Wakubwa wa Ulaya, watu wasiolala kwa kufikiri, wameuliza swali: dunia hii ina lugha ngapi zilizo hai, ziko wapi, zinaendeleaje, na ipi inaumwa? Swali hilo limepita Bara Hindi, limepita Uchina, limekaa kwa Warusi majira mawili ya baridi, likakosa wa kulijibu, na ndipo likaletwa kwangu. Barua yenyewe hii hapa, yenye tai. Asiyejua Kidachi asinyooshe shingo bure, amtazame tai tu, inatosha.

(Tai alionekana.)

Nami nikaanzisha, kwa akili yangu na kwa jasho lenu, Daftari Kuu la Lugha Zilizo Hai, kwa ordinungi, yaani utaratibu, na kwa statistiki, yaani hesabu ambayo mtu mdogo haruhusiwi kuirudia. Kabla yangu ilisemwa kwamba Uluguru yote ina lugha moja. Wilaya yenye boma, yenye reli, yenye stesheni ya matofali, ina lugha moja kama kijiji chenye kisima kimoja. Niliona aibu hata nikashindwa kumaliza pilau. Kwa hiyo nikaunda tume, na tume ilikuwa mimi juu ya punda, tukapanda njia ya Mgeta hadi pale punda alipokataa, na kuanzia pale tukasikiliza kwa mbali. Tukapata Kimgeta cha juu, Kimgeta cha chini, na Kimgeta cha mteremkoni, ambacho husemwa na mtu aliyebeba mzigo. Tukapata Kibigwa cha asubuhi na Kibigwa cha mtu aliyekasirika. Tukapata Kimzumbe cha wazee wasio na meno, ambacho nilikusudia kukigawa, wasio na meno ya juu upande huu na wasio na meno ya chini upande ule, ila karani wangu aliniomba nimhurumie. Jumla ni lugha kumi na tisa, ongezeko la lugha kumi na nane kwa masika moja, na hakuna akida mwingine kutoka Kilosa mpaka baharini ambaye amezalisha japo mbili.

(Makofi. Askari mmoja alikuwa akitazama ni nani hapigi.)

Lakini lugha si jiwe, kwamba ukiiweka utaikuta. Lugha hukaa kinywani mwa mtu, na mtu hukaa anapotaka, na hapo ndipo penye hatari. Ndipo nikaamuru kila lugha iwe na mtunzaji mmoja, na mtunzaji huyo aishi hapa mjini chini ya macho yangu. Wapo pale kwenye mstari, mnawaona, kila mmoja ana namba kifuani na jembe begani. Najua kuna watu wananong'ona kwamba watunzaji wa lugha wanalima shamba langu la Bigwa. Ni kweli wanalima. Lugha isiyofanya kazi hudumaa, hilo linajulikana, na maharage yaliyopatikana ni masalio tu ya elimu, nami nimekubali kuyala ili yasiharibike.

Kila alfajiri tunafanya apeli, yaani mwito wa namba. Mimi huita, "Namba moja," mtunzaji huitika, "Nipo," nami huamuru iandikwe: hai. Karani wangu, ambaye misheni ilimfundisha udadisi pamoja na kuandika, aliwahi kuniuliza mbona wote kumi na tisa huitika kwa Kiswahili. Nikamjibu kwamba akida hana nafasi ya kujifunza lugha kumi na tisa ili ajue kama zipo.

(Ndivyo alivyonijibu. Daftari Kuu halina hata neno moja la Kimgeta wala la mahali pengine popote. Lina namba, na mbele ya kila namba neno "hai", na mwandiko ni wangu.)

Sitaficha kwamba tumepata msiba. Alfajiri moja namba saba hakuitika. Maneno ya sokoni yanasema alitoroka na msafara wa wapagazi kwenda bara, lakini mimi sikubali kwamba chini ya uongozi wangu kitu kinaweza kutoroka. Nilimwita mara tatu, hakuitika, basi amekufa, na siku ile ile nikatunga fungu la tisa la sheria ya Daftari, lisomwe hapa ili mwone serikali inavyoheshimu mila zenu. Karani, soma.

(Nikasoma: "Lugha itakayoitwa mara tatu mbele ya watu isiitike, imekufa. Na kwa kuwa boma halilishi maiti, maiti apewe watu wa ukoo wa mama yake, wakamzike kwa desturi yao." Makofi marefu, na mara hii hayakuamrishwa. Akina mama wa Mgeta waliniomba nilisome tena. Nikalisoma tena, polepole.)

Nimefurahi kuona sheria inapendwa. Mtu mwingine angetunga sheria kavu, mimi natunga sheria yenye machozi, na hii ndiyo tofauti ya akida aliyezaliwa pwani na... Nani amesimama?

(Alikuwa Mwaisha wa Mgeta, ambaye husimama kila baraza. Kaka yake Pazi ndiye namba kumi na moja, Kimgeta cha mteremkoni. Binti wa Mwaisha, Asia, ni mwali, yuko ndani mwaka wa pili sasa, na kwao mwali hatolewi nje mpaka mjomba wake awepo. Wenzake aliowekwa nao ndani walikwisha kutolewa, wengine wameolewa na wananyonyesha. Mjomba hushinda Bigwa kwenye maharage. Mwaisha alimwamkia Akida shikamoo, akaomba kaka yake kwa siku tatu, kwenda, kumtoa mtoto na kurudi. Mimi nimeliandika ombi hilo mara sita kwa mkono wangu, na mara zote sita niliona haya.)

Bibi Mwaisha, marahaba, na nakujibu kama nilivyokujibu baraza lililopita na la kabla yake. Mwali huwekwa ndani ili apate akili, na akikaa zaidi atapata zaidi, huoni kwamba mtoto wako anafaidika? Na hata kama hafaidiki, huwezi kumweka msichana mmoja kwenye mizani na lugha moja ya dunia, ambayo Ulaya nzima inaisubiri. Hebu nikuulize mbele ya watu wote hawa. Nikikupa kaka yako siku tatu, Kimgeta cha mteremkoni kitakuwa wapi siku hizo?

(Mwaisha alijibu: "Kitakuwa kwetu, Bwana Akida. Ndiko kilikozaliwa.")

Mmesikia? Huyu ndiye tunayemhudumia. Haya, ili uone kwa macho yako jinsi lugha yenu inavyotunzwa, imenenepa, ina afya, nitaiita hapa hapa, uisikie, kisha ukae. Namba kumi na moja.

(Watu walimgeukia Pazi.)

Namba kumi na moja. Pazi, usinitanie, gari la moshi linakuja.

(Pazi alimtazama dada yake. Akaweka jembe chini taratibu, akalala chali kwenye nyasi, akakutanisha miguu, akafumba macho.)

Amka wewe, namba kumi na moja, nakwambia... Hapana. Karani, hiyo ya mwisho usiiandike. Sikuwa naita, nilikuwa nakemea.

(Nilikuwa nimekwisha kuiandika. Aliniamuru niandike kila neno. Watu walikuwa wakihesabu kwa sauti, nao walikuwa wamefika tatu. Mwaisha akapiga yowe la msiba, la kweli kabisa, nililisikia mgongoni, na mkeka mmoja ukakunjuliwa.)

Tulieni. Nasema tulieni, hakuna aliyekufa, yaani amekufa mmoja, kwa mujibu wa fungu, lakini wako kumi na saba, na statistiki haitikiswi na mmoja. Mtazameni mwenye Kimgeta cha juu, mtu wa kutegemewa. Namba moja! Itika, namba moja, unaogopa nini, namba moja!

(Naye akalala. Akida aliwaita wote hadi wa mwisho, na mtu akiwa na hasira hurudia maneno, kwa hiyo kila mmoja aliitwa mara tatu na wengine mara nne. Walilala kwa ordinungi, kufuata namba zao. Mzee wa Kimzumbe asiye na meno alichelewa kwa sababu ya magoti, majirani zake marehemu wakamsaidia.)

Askari, wainueni hawa!

(Askari mkubwa alijibu kwamba amri pekee anayoijua kuhusu maiti ni kuvua kofia. Wakavua, wote wawili. Hapo akatokea Bibi Chausiku, mtani wa ukoo wa Mwaisha, na penye msiba mtani ana ruhusa ya kusema apendalo na kuchukua apendacho, wala mfiwa hakasiriki. Alichukua jembe la Pazi, akalijaribu, akalisifu. Kisha akachukua kiti cha Bwana Shauri. Akamwambia Akida: "Wewe ndiwe mfiwa, baba, zimekufia mikononi. Kaa chini ulie.")

Kiti kirudishwe. Mimi si mfiwa, mimi ni serikali. Akina mama, mikeka hiyo ni ya Bwana Shauri, mnaitumiaje kufunikia... Mnakwenda wapi? Hotuba haijafika sehemu ya mafanikio. Nani atapalilia upande wa mtoni?

(Maiti kumi na wanane walibebwa kwenye mikeka, mbele ikaenda yowe, nyuma kikaenda kiti kichwani kwa Bibi Chausiku. Watu wote waliwasindikiza, maana hakuna anayebaki kwenye hotuba wakati jeneza linapita. Walipovuka mto niliwaona marehemu wakishuka kwenye mikeka na kutembea. Mlima wa Mgeta ni mrefu, na mtu mzima habebeki. Kiwanjani tulibaki Akida, askari wawili, Bwana Jitu na nduguye, punda, na mimi. Kisha likasikika king'ora cha gari la moshi upande wa Kingolwira.)

Ndugu zangu mliobaki, ambao ndio wazalendo, nafika sasa kwenye shukrani. Namshukuru Bwana Shauri, ambaye hakuniagiza kazi hii, hana habari nayo, na nawaomba kwa unyenyekevu mnisaidie asiwe nayo. Nawashukuru wakubwa wa Ulaya kwa swali lao, ambalo huenda waliliuliza, ila hawakuniuliza mimi. Namshukuru Bwana Jitu kwa taa niliyoichukua dukani kwake, ambayo ilifungwa pamoja na karatasi hii yenye tai, inayoeleza namna ya kukata utambi. Nayashukuru maharage. Mtu akiulizwa, Daftari Kuu halikuwapo, na lile lililo mezani ni la mbuzi wa boma. Watunzaji hawakuwapo, lugha hazikuwapo, na mimi mwenyewe miezi hii kumi na minne nilikuwa naumwa mgongo. Basi tumalizie kwa sauti moja. Lugha! Semeni: hai. Lugha!

(Bwana Jitu alimgeukia nduguye wakasemezana kidogo kwa Kigujarati, nafikiri kuhusu kufungua duka.)

Karani, umesikia? Hiyo ni lugha. Tena ni mpya, na wenyewe wako wawili. Bwana Jitu, sogea kidogo huku. Hivi umewahi kushika jembe?

(Bwana Jitu alijibu kwa Kiswahili safi: "Sipo." Wakaondoka.

Hotuba iliishia hapo, kwa kuwa Bwana Shauri aliingia kiwanjani na vumbi lake la safari, na swali lake la kwanza lilikuwa kiti chake kiko wapi. Nilimpa karatasi hizi asome.

Mwali Asia alitolewa nje Jumapili iliyofuata. Nilialikwa, nikapanda mpaka kwao. Mjomba wake aliitwa mara moja tu, akaitika kwa Kimgeta.)