Gauni Jeupe la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ameshuka kwenye pikipiki yangu na mstari mweusi wa oili ya cheni mgongoni mwa gauni lake jeupe. Amesema si kitu. Kwa sauti ile, ni kitu. Mke wangu ameapa: doa jingine moja, pikipiki inakwenda kwa kaka yake. Shemeji! Hata kuiwasha hajui.

Jumanne, 4 Machi
Cheni ya jirani inang'aa kama kijiko. Tunamwita Bwana Kitambaa, maana huifuta pikipiki kabla ya kufuta jasho lake. Nimemchimba kwa ujanja, nikasema namuulizia rafiki. Akajibu huyo rafiki atumie kilainishi kikavu cha kupuliza. Hakishiki vumbi wala hakirushi matone. Akaitazama suruali yangu. Simpendi.

Jumatano, 5 Machi
Fundi ameniuzia kopo. Nioshe cheni kwa mafuta ya taa, niifute, nipulize huku gurudumu likizunguka, niiache ikauke. Ikinyeshewa, nirudie. Alikuwa na neno la mwisho kuhusu breki, lakini nilishageuka. Fundi anapenda mno kusimulia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanya yote. Cheni safi, kavu, kimya. Nimeipitishia leso nyeupe, haikuchafuka. Nimefurahi kupita kiasi. Ila kwa ukimya ule nikaanza kusikia breki ya nyuma ikilia. Kopo lilikuwa bado zito. Nikaipulizia. Na ya mbele pia, isije ikaona wivu.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe alinisubiri getini, gauni lilelile, limefuliwa likatakata. Nikaja polepole. Nikakanyaga breki. Nikampita. Nikampungia mkono, ionekane nimekusudia. Ua wa Bwana Kitambaa ndio ulionisimamisha, na yeye ndiye aliyempeleka mama mkwe alikokuwa akienda. Fundi amebadilisha pedi zote za breki. Anasema neno lake la mwisho lilikuwa hilohilo: kilainishi kisiguse breki. Mke wangu amempigia simu kaka yake.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeokoka! Mama mkwe mwenyewe amenitetea: gauni halikupata doa, basi pikipiki ibaki, na kesho atapanda tena. Nilikaribia kulia. Mama mwema kama huyu, halafu kila akipanda gauni linang'ang'ania kiti. Nimemrahisishia. Kiti chote, mpaka vikanyagio. Kopo limekwisha.